Kitabu cha Mazutu: Kwa Nini Wakaguzi Wanahesabu Moshi Wetu



Mara hii sitaongea juu ya malaria, wala juu ya kofia na viatu vya kazi. Nitaongea juu ya kitabu kidogo kilichofungwa kwa uzi karibu na grupe ya umeme, nyuma ya dispansari yetu. Ndani yake tunaandika tarehe, saa grupe ilipowashwa, saa ilipozimwa, na lita za mazutu zilizotiwa. Kazi ya kukijaza ni yangu mimi anfirmye.

Siku moja alikuja mkaguzi wa mazingira. Si mtu wa kompani, ni mtu wa biro ya nje. Nilidhani ataomba kuona sanduku la sindano zilizotumika na tanuru la kuchomea takataka za wagonjwa. Aliviangalia, ndiyo. Kisha akaomba kitabu cha grupe. Akageuza kurasa polepole, akaniuliza: "Bwana anfirmye, umeme hapa unakatika kila siku saa moja tu, na kurudi saa moja tu?"

Nikanyamaza. Wiki mbili nzima kitabu kilionyesha neno moja: kuwashwa saa 12 jioni, kuzimwa saa 3 usiku, lita 30. Wino mmoja, mkono mmoja. Siku zile wagonjwa walikuwa wengi, na mimi nilijaza kurasa zote siku ya Ijumaa, kwa kukisia.

Mkaguzi hakunikemea. Alisema tu: "Kwa namba hizi siwezi kutia sahihi."

Usiku ule nilijiuliza: mtu huyu ametoka mbali, kwa nini anahangaika na lita 30 za dispansari? Nilimwuliza kesho yake, na mengi ninayowaandikia hapa nilianza kujifunza kwake.

Gesi joto ni nini?

Dunia yetu imefunikwa na hewa kama mtoto aliyefunikwa blanketi. Blanketi ikiwa ya kadiri, mtoto analala vizuri. Ukiongeza ya pili na ya tatu, anatoka jasho, na mwisho anaugua. Gesi zinazofanya kazi ya blanketi hiyo zinaitwa gesi joto.

Ya kwanza ni gesi ya kaboni. Ni ile inayotoka katika pumzi yetu na inayofanya povu katika limonadi na bia. Haina rangi wala harufu. Inatoka kwa wingi popote tunapochoma mazutu, esansi, makaa ya mawe au kuni. Ya pili ni metani, inayotoka katika mashimo ya taka na katika migodi ya makaa ya mawe. Katika miaka 100, kilo 1 ya metani inaongeza joto karibu mara 28 kuliko kilo 1 ya gesi ya kaboni. Ziko pia gesi za mashini za baridi, kama zile za frigo yetu ya chanjo na za vyumba vya makompyuta. Baadhi yake zinapita mara 1,000. Kwa hiyo kilo 1 ikivuja katika frigo kubwa inaweza kuhesabiwa kama tani nzima, na zaidi.

Labda utauliza: mazutu inatoa kiasi gani? Lita 1 ya mazutu ikiungua inatoa karibu kilo 2.7 za gesi ya kaboni. Wengi wanabisha: lita yenyewe haifiki kilo 1, itatoaje karibu kilo 3? Jibu ni hili. Kaboni iliyo ndani ya mazutu inashikana na oksijeni ya hewa, na uzito mkubwa unatoka katika oksijeni ile. Ndiyo sababu mkaguzi hahitaji kupima moshi kwa mfuko. Anahitaji kujua lita tu. Lita zikiwa za kweli, hesabu ni ya kweli. Lita zikiwa za kukisia, kila kinachofuata ni cha kukisia.

Moshi upi unahesabiwa?

Sisi watu wa Lubumbashi tunajua moshi. Tanuru letu la shaba lilitoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911, na cheminée yake imekuwa alama ya mji. Wazee wetu walisema kwamba ikitoa moshi, watoto watakula bukari. Lakini moshi ule ulikuwa na salfa na vumbi la madini. Kwa miaka mingi upepo uliupeleka upande mmoja wa mji, na kule Penga Penga miti ilikufa na udongo ukajaa shaba na madini mengine. Wana-sayansi wa Universite ya Lubumbashi wameshughulika kutafuta majani na miti inayoweza kushika udongo ule tena.

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili. Moshi wa salfa unakohoza mtu leo, unaua mti wa jirani. Gesi ya kaboni haikohozi mtu uwanjani, inakwenda juu na kubaki miaka mingi, na madhara yake yanaenea duniani kote. Vilevile moshi wa rangi ya machungwa unaouona baada ya kulipua baruti ni sumu ya mapafu, ujiepushe nao, lakini si huo anaohesabu mkaguzi wa gesi joto. Mtu anayesema "moshi umepungua, basi tumemaliza" amekosea, maana gesi inayohesabiwa haionekani kwa macho.

Na katika kazi ya madini gesi hiyo inatoka mahali ambapo wengi hawafikirii. Chokaa, kwa mfano. Ukichoma tani 1 ya jiwe safi la chokaa, karibu kilo 440 zinatoka kama gesi ya kaboni ndani ya jiwe lenyewe, bila kuhesabu moto ulioliunguza. Tunapotia unga wa jiwe hilo ndani ya maji yenye asidi ili kuyatuliza, povu linalopanda ni gesi ileile.

Nani anadai hesabu hii?

Nchi yetu ina sheria zake. Kodi ya madini ni ya mwaka 2002, ikarekebishwa mwaka 2018. Kanuni zake za mwaka 2003 ziliwataka wenye migodi wakaguliwe mazingira yao kila miaka 2, na biro iliyokubaliwa na serikali, isiyo ile iliyowaandalia uchunguzi wa mwanzo. Mwaka 2011 ikatoka sheria kubwa ya kulinda mazingira, na mwaka 2014 ikaundwa Agence Congolaise de l'Environnement, ambayo wengi wanaiita ACE. Sheria hizo ziliongea sana juu ya maji, vumbi, udongo, makelele na kurudisha ardhi baada ya kuchimba.

Hesabu ya gesi joto imeingia kwa mlango mwingine. Desemba 2015 mataifa yalipatana kule Paris, na Kongo yetu iko ndani ya mapatano hayo. Katika ahadi yake ya mwaka 2021, nchi yetu ilisema itapunguza gesi joto kwa asilimia 21 hadi mwaka 2030, na sehemu kubwa ya ahadi hiyo inategemea msaada wa nje. Mwaka 2016, kule Kigali, mataifa yakapatana pia kupunguza gesi za frigo.

Mlango wa tatu ni wa wanunuzi. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitoa sheria ya betri. Inataka, hatua kwa hatua, betri ya gari la umeme itangaze ni gesi kiasi gani ilitoka katika kuitengeneza, tangu mgodini hadi kiwandani. Kobalti inayotoka hapa kwetu iko ndani ya betri nyingi za dunia. Basi mtengeneza betri anamwuliza msafishaji wa kobalti, msafishaji anamwuliza mwenye mgodi, mwenye mgodi anamwuliza shefu wa sekta, na shefu anakuja kumwuliza anfirmye juu ya kitabu cha grupe.

Mwaka huohuo wa 2023 Ulaya iliweka pia sheria ya kulipisha kaboni mpakani. Orodha yake ya kwanza ni simenti, chuma, aluminiumu, mbolea, umeme na hidrojeni. Shaba na kobalti hazimo katika orodha hiyo. Nasema hivyo kwa sababu nimesikia watu wakisema katika kantini kwamba "Wazungu wameweka kodi juu ya shaba yetu". Sivyo. Lakini anayeona nyumba ya jirani inachungulia mvua, anatazama malata yake.

Kompani inafanya nini?

Kompani inayodaiwa hesabu hii inagawanya gesi zake katika mafungu 3.

Fungu la kwanza ni kinachoungua au kuvuja kwetu wenyewe: mazutu ya makamyo na magrupe, chokaa, gesi za frigo.

Fungu la pili ni umeme tunaonunua. Hapa Katanga ina bahati. Umeme wetu wa zamani unatoka katika maji: Mwadingusha na Koni juu ya Lufira, Nzilo na Nseke juu ya Lualaba. Tena kuna waya mkubwa uliotoka Inga hadi Kolwezi, karibu kilometa 1,700, uliomalizika katika miaka ya 1980. Umeme wa maji una gesi kidogo sana kuliko ule wa makaa ya mawe. Lakini umeme ukipungua, kila kiwanda kinawasha grupe, na bahati hiyo inaungua pamoja na mazutu. Ndiyo maana saa za grupe zinaangaliwa kwa jicho kali.

Fungu la tatu ni la wengine wanaofanya kazi kwa ajili yetu: aliyetengeneza asidi na mipira ya kusagia mawe, makamyo yanayosimama siku nyingi kwenye mstari wa Kasumbalesa, meli inayopakia Durban au Dar es Salaam. Fungu hili ndilo gumu, maana kitabu kiko mikononi mwa mtu mwingine.

Hesabu hii ina gharama. Inataka mita, mizani, makarani, na watu waliofundishwa. Lakini inaonyesha pia pesa zinazomwagika. Tuseme kamyo moja kubwa inachoma lita 20 kwa saa ikiwa imesimama bila kazi, moto ukiwaka. Saa 2 kila siku ni lita 40, siku 25 ni lita 1,000. Hizo ni tani 2.7 za gesi, na mazutu ambayo hayakubeba hata jiwe moja.

Na mkaguzi, kazi yake imebadilikaje?

Zamani mkaguzi wa mazingira alikuja na chupa za kuchota maji na karatasi ya maswali. Siku hizi anatakiwa pia ajue hesabu ya nishati, asome fakturi za mazutu na za umeme, na ajue gesi gani iko ndani ya frigo gani. Kuna kanuni za kimataifa za kazi hiyo, zinazoitwa ISO 14064, zilizotoka mara ya kwanza mwaka 2006. Hatazami kila karatasi. Anachagua chache, anazilinganisha na kitu kingine ambacho hakikuandikwa na mkono uleule, kisha anaamua.

Mwisho anaandika neno lake. Kuna neno jepesi: "Katika niliyoyaona sikukuta kosa kubwa." Na kuna neno zito: "Nimechunguza vya kutosha, hesabu hii ni ya haki." Akitia sahihi juu ya uongo, anaweza kupoteza ruhusa na jina lake. Akikataa, anaweza kupoteza mteja, kwa maana anayemlipa ni yuleyule anayekaguliwa. Hapo ndipo kazi yake ilipo ngumu, na ndiyo sababu inafaa awe mtu wa nje, asiwe yule aliyetuandalia hesabu hapo kwanza. Hata mganga hafai kujipima mwenyewe homa na kujiandikia siku za kupumzika.

Kitabu changu kilileta nini

Sasa nirudi kwenye kosa langu, maana halikuishia kwenye aibu.

Kitabu changu kilionyesha lita 420 kwa siku 14. Bon za depo zilionyesha kwamba dispansari ilipewa lita 610. Zilikosekana lita 190. Katika ofisi watu walianza kunong'ona: mazutu imeuzwa. Na nani analala karibu na grupe? Mlinzi wa usiku, baba wa watoto 6. Alipoitwa kueleza, alisimama mbele ya meza mikono nyuma, akasema tu kwamba yeye anawasha anapoambiwa na kuzima anapoambiwa. Hakuna aliyemwamini, kwa sababu kitabu kilisema vingine, na kitabu kilikuwa na sahihi ya anfirmye.

Niliona vibaya sana. Nilimwendea shefu wangu nikasema: "Bwana, kurasa hizi niliziandika kwa kukisia. Mlinzi hana neno." Shefu alikasirika, na alikuwa na haki. Lakini kusema kwangu peke yake hakukutosha, maana ningeweza kuwa ninamsaidia rafiki. Mkaguzi ndiye aliyetuokoa. Alikwenda kwenye grupe, akafuta vumbi juu ya saa ndogo inayohesabu muda wa mashini. Fundi wa umeme alikuwa ameandika namba yake wakati wa servisi, mwanzoni mwa siku zile 14. Tofauti ilikuwa saa 60. Grupe yetu inakunywa karibu lita 10 kwa saa. Hizo ni lita 600, na kidogo kilichobaki kilikuwa bado ndani ya tanki.

Mazutu haikuibwa. Iliungua usiku, wakati mama walikuwa wanazaa na frigo ya chanjo inahitaji baridi, na mimi sikuandika. Lita karibu 180 zilizoungua bila kuandikwa ni karibu nusu tani ya gesi ya kaboni. Ni dispansari moja, kwa wiki mbili.

Mlinzi alirudi kazini. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Mzee mmoja akanikumbusha: mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli kwa mgonjwa, na ni kweli kwa kitabu.

Afya yetu inapata nini?

Wengine watasema: hesabu hii ni ya wanunuzi, mchimbaji inamfaa nini? Nawajibu kama mtu wa afya. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa, lililo Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba moshi wa mashini za mazutu unaleta kansa ya mapafu. Kila lita isiyoungua bure ni gesi iliyopungua juu, na ni moshi uliopungua katika kifua cha dereva, cha fundi wa garaji na cha mtu wa chini ya ardhi. Mashini yenye filta chafu inakunywa zaidi na inatoa moshi mweusi zaidi. Ukiona moshi mweusi, mwambie shefu wako na uandike. Usizoee.

Nyumbani

Mama, nawe una sehemu yako. Karibu nyumba zote za mji wetu zinapika kwa makala, na makala hayo yanatoka katika pori la miombo linalozidi kuwa mbali na Lubumbashi kila mwaka. Mti uliokatwa bila kuachiwa machipukizi hautarudisha ndani yake kaboni iliyotoka. Mbabula nzuri yenye udongo inayoshika moto inapunguza gunia. Kuloweka maharagwe usiku, na kufunika sufuria, kunapunguza pia.

Lakini neno la haraka zaidi ni hili. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikiuma, watu wanaingiza mbabula chumbani na kufunga madirisha. Makala yakiwaka kwa hewa kidogo yanatoa gesi nyingine, monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu, inayoingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasikia usingizi na kichefuchefu, halafu haamki. Usilale na mbabula, hata kama makala yameonekana kuzimika. Ukimkuta mtu hivyo, fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa, kisha mlete dispansari mara moja, hata kama ameanza kusema kwamba amepona.

Tukumbuke

1. Andika wakati uleule wa kazi. Usingoje Ijumaa.

2. Andika ulichokiona. Usipojua, andika kwamba hukupima. Nafasi iliyoachwa wazi ni bora kuliko namba ya kubuni.

3. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, andika namba ya kweli pembeni, tia sahihi. Usichane ukurasa.

4. Zima mashini isiyofanya kazi, ila kama kanuni ya usalama inakataa.

5. Frigo au klima ikivuja, usijazie tu gesi. Ita fundi azibe kwanza, na uandike kilo zilizotiwa.

6. Mkaguzi akikuuliza, jibu unalolijua. Usimwogope, wala usimpambie.

7. Mbabula ibaki nje.

Kitabu cha grupe bado kinaning'inia palepale kwa uzi wake. Sasa kina safu moja zaidi, ya namba ya saa ya mashini, na anayewasha ndiye anayeandika, hata saa 9 ya usiku. Mlinzi wetu anaandika vizuri kuliko mimi. Anayetaka kukitazama apite dispansari, nitamwonyesha, pamoja na kurasa zile 14 za wino mmoja. Sikuzitoa.